Vichwa Tisa vya Bi Meneja

Kama mlinisoma wiki iliyopita, mnajua nilivyoachwa kwenye mataa. Mwalimu wangu wa kuchora, Mzee Brashi, yule aliyekuwa akichora picha za wanawake kwenye kuta za saluni, alihama mji mbiombio kwa sababu ya picha ya mke wa kinyozi. Aliondoka akiwa amenifundisha mwili mzima wa mwanamke isipokuwa viganja na nyayo.

Yeye alifundisha kutoka juu kwenda chini. Kichwa, shingo, mabega, kiuno, nyonga, magoti. Viganja na nyayo alisema vina kazi, tungevifanya mwishoni. Kinyozi akafika kabla ya mwisho.

Kwa hiyo wanawake wangu wote walisimama mikono mgongoni, na magauni yao yote yaliburuza chini.

Kwa asiyenijua, mimi ni yule binti wa duka la kushonea la shangazi yangu. Nafagia, napiga pasi, nashona vifungo. Shule niliiacha darasa la tano, na kuzungumza na watu sikuwahi kuanza. Mtu akinisalimia, jibu hunijia yeye ameshafika kwake. Ndiyo maana dukani wananiita Kimya.

Shangazi alipozikuta picha zangu chini ya majora ya vitambaa, hakugomba. Alizitazama kitambo, akasema mbele ya fundi na wateja waliokuwepo:

“Haya. Mteja wa kwanza akivaa nguo ya mchoro wako mpaka shughuli yake ikaisha, meza ya dirishani ni yako, uwe mchoraji wa duka. Akiivua katikati, unarudi kwa kaka yako.”

Shangazi ana tabia moja. Akisema jambo faraghani, anaweza kuligeuza mara tatu kabla chai haijapoa. Akilisema mbele ya watu, limepita. Hata kama amekosea, atazeeka nalo.

Kwa kaka yangu kuna pacha mara mbili, wote wanatambaa, na wifi yangu aliwashia jiko michoro yangu ya mwanzo. Sikutaka kurudi.

Mteja wa kwanza akawa Bi Meneja.

*

Siku hiyo Shangazi alikuwa ametoka kutafuta nyuzi. Fundi Rula, mkataji wetu, alikuwa uani anatia makaa kwenye pasi. Mlango ukafunguka, akaingia mama mmoja mfupi, mnene, mwenye mkoba mkubwa na kichwa kikubwa chenye heshima zake.

“Habari za hapa, binti. Mwenye duka yupo?”

Nikatikisa kichwa.

“Unashona wewe?”

Nikatikisa.

“Sasa unafanya nini hapa, unalinda kiti?”

Nikamwonyesha penseli.

Akacheka, akaketi. “Basi nichoree. Nastaafu, mwanangu. Miaka yote naongoza ofisi ya maji, na kila picha ya ofisi ikipigwa wananiweka mstari wa mbele, nimechuchumaa. ‘Bi Meneja, wewe njoo mbele, huku nyuma utapotea.’ Naibu wangu, jitu refu kama mlingoti, hata tukiwa tunaongea na wageni ananiwekea kiwiko begani, utadhani mimi kaunta. Sasa kwenye sherehe ya kuniaga nataka picha moja. Moja tu. Nimesimama mstari wa nyuma.”

Nikaanza kuchora.

Mzee Brashi alinifundisha hivi. Ukishachora kichwa, hicho kichwa ndicho kipimo chako. Unakishusha chini, kichwa chini ya kichwa, kama mtu anayepanga mabakuli. Mtu wa kweli hufika vichwa saba na kitu. Mtu wa mitindo hufika tisa, na karibu vyote vya ziada vinaingia miguuni.

“Nguo inataka nafasi ya kuteremka,” alikuwa akisema. “Usimchore mteja. Chora vile gauni linavyomwona.”

Bi Meneja, kwa kumkadiria, alikuwa na vichwa sita. Nikampa tisa. Bega moja nikalishusha kidogo, nyonga ya upande wa pili nikaipandisha, shingo nikaivuta. Gauni nikalibana mpaka magotini, kisha nikalifungua chini kama mdomo wa tarumbeta. Mikono, mgongoni.

Akaitazama ile picha muda mrefu.

“Huyu ni mimi?”

Nikaitikia kwa kichwa.

“Shingo yangu ndiyo ndefu hivi?”

Nikaitikia.

“Na mume wangu miaka yote hii hajaniambia!” Akatoa leso, akajifuta macho. “Fundi! Fundi yuko wapi? Nataka hili. Hili hili. Asiongeze, asipunguze.”

Hapo ndipo mkosi wangu ulipopiga hodi.

*

Fundi Rula, kabla ya kukata nguo, alikuwa seremala. Vumbi la mbao lilimkataa kifuani, daktari akamwambia atafute kazi laini, akaja kwetu. Mikono aliibadilisha, kichwa hakukibadilisha.

“Mchoro ni amri,” husema. “Seremala akianza kubuni, kabati halifungi.”

Akampima Bi Meneja kifua, kiuno, nyonga. Mpaka hapo salama. Kisha akaiweka rula juu ya picha yangu, akakunja uso.

“Kimya, huu urefu umeupata wapi?”

Fundi ananitazama, Bi Meneja ananitazama. Nikajikaza.

“Vichwa tisa,” nikanong’ona.

Yalikuwa maneno yangu ya kwanza siku hiyo. Heri ningeyameza.

Fundi Rula akamgeukia mteja, akanyoosha tepu kutoka kidevuni hadi utosini.

“Mbona unanipima kichwa, fundi? Kwani nashonewa kofia?”

“Mheshimiwa, mchoro umeanzia hapo.”

“Aa. Kumbe ni elimu kamili.”

Akapiga hesabu yake ukutani kwa chaki, kichwa kimoja mara tisa. Nami nilisema, jamani. Nilisema moyoni kwa sauti kubwa kabisa: fundi, hivyo ni vichwa vya karatasi! Mdomo ukafunguka, ukafunga. Ukafunguka tena. Fundi akadhani napiga miayo, akaniambia nikanawe uso.

*

“Hili ni gauni au pazia la ukumbi?” Shangazi aliuliza.

Ilikuwa asubuhi ya sherehe. Fundi Rula hushona nguo ikiwa imekunjwa mapajani, na haimwonyeshi mtu mpaka imeisha. Sasa alikuwa ameitundika kwenye msumari wa juu kabisa, karibu na dari, na bado nusu yake ilikuwa imelala sakafuni.

“Na mikono? Mikono ya gauni iko wapi?”

“Nyuma,” akasema fundi. “Kwenye mchoro iko nyuma.”

Kweli. Alikuwa ameishonea mgongoni, ikakutana pale kiunoni kwa kifungo kimoja kizuri sana.

Shangazi akanigeukia. Hakunitukana. Alitazama tu juu ya kabati, lilipo begi langu la safari.

Bi Meneja akaingia, anaimba kwa furaha. Tukamvalisha. Kifua, sawa. Kiuno, sawa. Mikono ikaenda nyuma ikafungwa kifungo, akasema, “Vizuri, nitaonekana kama nakagua gwaride.” Lakini kutoka nyonga kushuka, gauni liliendelea na safari yake peke yake. Lilimzunguka miguuni, likajaa sakafu mpaka mlangoni, naye katikati kama mshumaa ulioyeyuka.

Shangazi akanyakua mkasi. “Dakika moja tu, Mheshimiwa. Tunapunguza hapa chini.”

“Ukikata hapo, tarumbeta lote linaondoka,” fundi akasema. “Magoti ya gauni hili yako chini ya nyayo zake.”

“Nyamaza, wewe mzee wa makabati!”

“Weka mkasi chini,” akasema Bi Meneja.

Alikuwa anajitazama kwenye kioo, na picha yangu tumeibandika pembeni yake. Akaangalia picha, akaangalia kioo. Picha. Kioo.

“Gauni lina kosa gani? Limefanana na picha barabara. Aliyepungua hapa ni mimi.” Akavuta pumzi. “Msinikatie urefu wangu. Niongezeni mimi.”

Shangazi akafungua mdomo, akafunga. Akafungua tena. Kumbe ni ugonjwa wa ukoo.

Lakini Fundi Rula! Uso wake uling’aa kama mtu aliyeona nduguye aliyepotea. Akaenda uani. Tukasikia msumeno, tukasikia nyundo, tukasikia kikohozi cha vumbi la mbao, na katikati ya kikohozi anaimba. Alirudi na sanduku la mbao, kimo cha meza, lina magurudumu manne aliyoyang’oa kwenye toroli letu la majora.

Tukampandisha Bi Meneja. Gauni likateremka lote. Lilibana pale lilipotakiwa kubana, na pale palipoishia miguu yake likafunguka, likalifunika sanduku zima hata msumari usionekane.

Ilikuwa picha yangu, imetoka kwenye karatasi. Kwa kitambo kidogo nilisahau kwamba ninafukuzwa.

“Atatembeaje sasa?” Shangazi akauliza.

“Anahitaji wa kumsukuma,” akasema fundi. “Awe humo ndani, nyuma ya sanduku, asionekane. Mtu mdogo wa mwili, asiye na maneno.”

Wote wakanitazama.

“Kimya huyu hapa,” fundi akaongeza. “Hata akikanyagwa hapigi kelele.”

“Binti yangu,” Bi Meneja akaniambia kutoka kule juu, “nikigonga kisigino mara moja, nenda. Mara mbili, simama. Tumeelewana?”

Nikaitikia kwa kichwa. Nikasahau kwamba nikishaingia ndani, hilo jibu halitanisaidia tena.

*

Tulipitia mlango wa nyuma wa ukumbi kabla wageni hawajafika. Ukumbi wenyewe ulikuwa wa ile aina ambayo sakafu inateremka kuelekea jukwaani, ili wa nyuma nao waone. Fundi Rula alipouona huo mteremko, alikohoa, akaenda kutafuta kiti cha mbali.

Ndani ya gauni kuna giza, jamani, na joto, na harufu ya kitambaa kipya. Nilikuwa nimepiga magoti, mikono imeshika sanduku. Nje niliona viatu tu, kwenye upenyo wa upindo.

“Bi Meneja!” ilisema sauti ya mwanamke. “Umerefuka!”

“Ni kustaafu, mwenzangu. Mzigo ukishatua mabegani, mtu hunyooka.”

“Jamani! Na mimi naomba barua yangu kesho.”

Vikaja viatu vikubwa vyeusi, virefu kama mitumbwi. Nikajua ni Naibu.

“Shikamoo, Bi Meneja. Leo hata pa kuweka kiwiko sina.”

“Kiweke mfukoni, mwanangu.”

Kisigino kimoja. Nikasukuma. Nyuma yetu nikamsikia Naibu akimnong’oneza mtu:

“Mbona hapigi hatua? Anateleza tu, kama jokofu linalohamishwa.”

“Huo ndio mwendo wa mitindo,” akajibiwa. “Wewe unajua nini?”

Mpiga picha akaita watu wajipange. “Wafupi mbele, warefu nyuma! Bi Meneja, wewe…” Akasita. “Wewe nyuma.”

“Samahani, baba, sikusikia.”

“Nyuma, Bi Meneja!”

“Nyuma wapi?”

“Nyuma kabisa, mama, ukutani! Na wewe Naibu, chuchumaa hapo mbele, unaziba watu.”

Juu yangu nikasikia pumzi inakatika. Mama wa watu alikuwa analia, na mikono iko nyuma, hawezi hata kujifuta. Na mimi kule gizani nikalia. Nilikuwa nimemchora kwa penseli iliyobaki kipande, na sasa Naibu amechuchumaa.

Mwanga wa kamera ukapita hadi ndani ya kitambaa.

Nikajiambia, Kimya, imebaki hotuba na chakula. Shughuli ikiisha hajalivua, meza ni yako.

*

Mgeni rasmi alikuwa mkurugenzi wa maji, mama mwenye sauti isiyohitaji kipaza sauti, na alikuwa nacho.

“Kabla sijasema lolote,” akanguruma, “huyu mama asogee huku mbele nimwone vizuri. Gauni gani hili!”

Kisigino kimoja.

Sikusukuma. Hapakuwa na haja. Sanduku lenyewe lilishika njia, na kazi yangu ikawa kulivuta nyuma. Nilining’inia nalo kama mtu anayezuia ng’ombe asiingie shambani. Magoti yaliburuzika kwenye zulia, kucha zikaingia kwenye mbao. Watu wakapiga makofi kwa jinsi Bi Meneja anavyoteremka polepole, kwa madaha. Yale madaha yalikuwa misuli yangu.

Katikati ya ukumbi, visigino viwili. Nikasimamisha. Sanduku likatulia, mradi nisiliachie.

“Nani aliyelichora hili?” mgeni rasmi akauliza. “Sitaki aliyeshona, namtaka aliyechora. Ofisi zetu zote zinabadilisha sare, na nataka mkono huu huu ndio unichoree. Yumo humu?”

Viatu vikageuka huku na huku.

“Yupo,” akasema Bi Meneja. “Yupo karibu.”

“Karibu wapi?”

“Karibu sana.”

Nikasikia kiti kinasogezwa. Nikasikia ndala ambazo nazifahamu hata nikiwa usingizini. Shangazi alikuwa anakwenda mbele.

Sikumlaumu mara moja, nisiseme uongo. Alikuwa kwenye kona. Kunionyesha mimi ni kumfunua Bi Meneja. Kunyamaza ni kuziacha sare ziende duka jingine. Nilidhani atasema mchoraji anaumwa, au amesafiri, au kafungiwa ndani na funguo zimepotea. Uongo upo wa kila aina, na Shangazi hajawahi kuukosa.

“Mimi,” Shangazi akasema. “Nimelichora mimi, Mheshimiwa. Dukani kwetu mchoraji ni mimi.”

Mbele ya ukumbi mzima. Na nimeshawaambia Shangazi akisema mbele ya watu.

Makofi yakapigwa. Niliisikia meza ya dirishani ikiondoka na yale makofi. Nikajiona nimejificha nyuma ya majora, nachora sare za watu, halafu Shangazi anakuja kuzichukua na kwenda kusifiwa, kisha anarudi kuniambia nifagie vipande. Shangazi ambaye ukimwambia achore yai, linatoka na pembe.

Makofi yakaendelea. Mgeni rasmi akamwambia asogee ashikwe mkono.

“Mimi!”

Sijui ilitokea wapi. Haikuwa kunong’ona. Ilikuwa kama salamu zote nilizowahi kushindwa kuitikia zimetoka kwa pamoja, kwa mlango mmoja.

Makofi yakakatika.

“Nani amesema?” mgeni rasmi akauliza.

“Imetoka kwenye gauni,” akasema Naibu.

“Ni tumbo langu,” Bi Meneja akadakia. “Sijala tangu asubuhi.”

“Tumbo limesema ‘mimi’?”

“Sasa ulitaka liseme ‘wewe’?”

Watu wengine wakacheka. Naibu hakucheka. Niliviona vile viatu vyeusi vinakuja, polepole, vinazunguka, vinasimama ubavuni kwangu. Kisha goti moja likagusa zulia. Vidole vikaushika upindo.

“Naibu, mwanangu,” Bi Meneja akasema kwa sauti nyembamba, “usiguse hapo. Nakuomba kama mama yako.”

“Samahani, Bi Meneja.”

Mwanga ukaanza kupanda. Ukayafikia magurudumu, ukayafikia magoti yangu yaliyochubuka, ukanifika kifuani. Nikauona uso wa Naibu, na nyuma yake nyuso nyingine, safu kwa safu, zote zimeinama kunitazama mimi ambaye sijawahi kutazamwa na zaidi ya watu watatu kwa wakati mmoja.

Nikafanya kile ninachokifanya siku zote nikiona haya. Nikafunika uso kwa mikono.

Mikono yote miwili.

Na pale mbele yangu, magurudumu yakaanza kulia.